Yaendayo Haraka

Kwa zaidi ya miaka thelathini kazi yangu ilikuwa kusoma maandishi ya watu wengine na kuyatia alama. Kwanza nilifundisha Kiswahili sekondari, kisha nikawa mkufunzi katika chuo cha ualimu, na mwisho nikawa mkuu wa chuo hadi nilipostaafu. Kila mwaka wanachuo waliniuliza swali lilelile: Mwalimu, uhakiki unaanzia wapi? Nami niliwajibu kwamba kabla hujauliza kama kazi ni nzuri au mbaya, uliza kwanza imeahidi nini. Mwandishi aliyeahidi kuchekesha asilaumiwe kwa kutoliza. Lakini aliyeahidi jambo, kisha akalitimiza nusu, huyo tunayo haki ya kumwonyesha nusu iliyobaki.

Siku hizi macho hayaniruhusu kusoma sana, ila miguu ingali inanipeleka mjini. Naishi kwa binti yangu, upande wa Kimara, na kuanzia Mei 2016 safari zangu nyingi za mjini nilizifanya kwa mabasi ambayo jina lake rasmi ni "mabasi yaendayo haraka", na ambayo wananchi, kwa kupenda ufupi, wameyaita "mwendokasi". Nimeyapanda alfajiri pamoja na wauza samaki wanaokwenda Feri, nimeyapanda mchana yakiwa na viti vitupu, na nimeyapanda jioni wakati ambapo mtu hajui mkono alioushika ni wake au wa jirani. Kwa hiyo, ndugu msomaji, niruhusu nikihakiki chombo hiki kama nilivyokuwa nikihakiki tamthiliya darasani. Nacho ni kazi ya akili za watu, nacho kimeahidi jambo.

Ahadi yenyewe imo katika jina. Tazama kitenzi. Waliolitunga hawakusema "mabasi yanayoenda haraka", kwani hapo tungeelewa kwamba kwa sasa yanakwenda haraka na ya kesho hatuyajui. Wala hawakusema "yatakayoenda haraka", maana hiyo ni lugha ya kampeni. Walisema "yaendayo". Wanafunzi wangu wa zamani watakumbuka kwamba kirejeshi cha namna hii, kisicho na kiambishi cha wakati, hakisemi habari za jana wala za leo. Kinataja tabia. Ndiyo lugha ya methali zetu: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Haikusudiwi yule aliyekufaa siku moja kisha akapotea, bali yule ambaye kukufaa ni desturi yake. Basi mabasi yaendayo haraka ni mabasi ambayo haraka ni desturi yake, siku ya jua na siku ya mvua. Hiyo ni ahadi nzito, na kwa ahadi hiyo ndiyo nitakayoyapima.

Ili tuwe wa haki, tukumbuke kwanza tulikotoka. Nilifika Dar es Salaam kwa mara ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1970, kijana wa masomo mwenye sanduku la mbao. Kampuni ya mabasi ya jiji, DMT, ilikuwa imetaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 ikazaliwa UDA, yaani Usafiri Dar es Salaam. Baadaye yakaja mabasi marefu ya Ikarus kutoka Hungaria, yenye kiungo katikati kinachojikunja kama kinanda cha kuvuta, na watu wakayaita kumbakumba. Vijana wanaodhani basi refu la kujikunja lilizaliwa mwaka 2016 wawaulize wazee wao. Halafu ikaja miaka ya dhiki, vipuri hakuna na mafuta ya shida, basi moja linatengenezwa kwa viungo vya matatu yaliyokufa. Hapo ndipo yaliposhamiri magari madogo ya kujificha, abiria wameketi nyuma wakitazamana, nayo tukayaita chai maharage. Mwaka 1983 serikali ikayaruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria. Nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu iliyokuwa ikiitwa "dala", na jina daladala likapatikana bila kamati yoyote kukaa.

Daladala haikuahidi haraka. Iliahidi kufika, na hata hilo kwa masharti. Ilisubiri ijae kabla ya kuondoka, ikakatiza njia ikipenda, na kumshusha mtu kabla hajafika anakokwenda. Zaidi ya yote, ilimwona mwanafunzi kuwa hasara. Mimi niliyekuwa mwalimu sijasahau watoto wenye sare waliokuwa wakisukumwa mlangoni kwa sababu nauli yao ilikuwa pungufu, wakafika shule saa nne na kupewa adhabu na sisi walimu, kana kwamba wao ndio waliokuwa wakiendesha magari. Lakini daladala ilikuwa na fadhila moja ambayo nitairudia baadaye: kama moja imejaa, nyingine ilikuwa nyuma yake, na konda wake alikuwa akikuita kama ndugu yake.

Sasa tuje kwenye fani ya mwendokasi. Hapa sina budi kusifu, na sifa hizi natoa kwa moyo mweupe. Njia ya awamu ya kwanza ina urefu wa kilomita 21 hivi. Inaanzia Kimara na kufuata Barabara ya Morogoro hadi Kivukoni, ikiwa na tawi la kwenda Morocco na jingine la kwenda Gerezani. Ilijengwa na vituo 27 pamoja na vituo vikuu vitano. Watu wengi hudhani siri ya mwendo wake ni injini. La hasha. Injini ya basi hili si ya ajabu kuliko ya basi la mkoani. Siri yake ni mambo matatu ambayo mtu asipoambiwa hawezi kuyaona.

La kwanza ni njia ya peke yake katikati ya barabara, ambapo gari la mkubwa na gari la mdogo yote hayaruhusiwi kuingia. La pili ni tiketi kulipiwa kabla ya kupanda, ili dereva na abiria wasianze kutafutiana chenji mlangoni. La tatu ni sakafu ya kituo kujengwa sawa na sakafu ya basi, na milango kuwa mingi na mipana, ili watu wengi waingie na kutoka kwa pamoja bila kupanda ngazi. Ukiyatafakari utaona kwamba basi la mjini halipotezi muda mwingi likiwa linakwenda. Hupoteza muda likiwa limesimama. Waliotunga mfumo huu waliliona hilo, wakaupunguza muda wa kusimama.

Wazo halikuanzia kwetu. Lilianzia Curitiba, nchini Brazil, mwaka 1974, wakati meya wake alikuwa msanifu majengo aitwaye Jaime Lerner. Mji ule haukuwa na fedha za kuchimba reli ya chini ya ardhi, ukaamua kulipa basi heshima ya treni. Bogotá, mji mkuu wa Colombia, uliupokea mfumo huo mwaka 2000, Lagos mwaka 2008, Johannesburg mwaka 2009, nasi mwaka 2016. Mji wetu ukapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018, na ulikuwa mji wa kwanza wa Afrika kuipata. Sikuona ajabu. Nilikuwa nimekwisha kuona kwa macho yangu kijana mwenye kiti cha magurudumu akiingia ndani ya basi bila kubebwa na mtu, akajisogeza hadi dirishani akatazama nje kama abiria mwingine yeyote. Katika miaka yangu yote ya Dar es Salaam sikuwahi kuona jambo hilo. Nikaona pia mtoto wa shule akilipa nauli yake, ambayo wakati ule ilikuwa shilingi 200 dhidi ya 650 za mtu mzima, akapita sawa na mimi. Hakuna aliyemsukuma, kwa kuwa mlangoni hapakuwa na mtu wa kumsukuma. Nilishuka siku ile nikijiambia kwamba saruji na chuma vimefanya katika asubuhi moja jambo ambalo hotuba zetu za gwaride zilishindwa kulifanya kwa miaka ishirini.

Hiyo ndiyo fani. Kasoro ninayoiona imo katika maudhui, yaani katika maana ya hilo neno "haraka".

Safari ya mtu inaanza wapi? Mhandisi huenda akasema inaanza basi linapoondoka kituoni. Abiria anajua kwamba inaanza anapofika kituoni. Kati ya nyakati hizo mbili kuna kungoja, na kungoja huku hakumo katika jina, wala hakumo katika sifa zinazotangazwa. Tukisema kwamba basi linatoka Kimara hadi Kivukoni kwa muda mfupi kuliko zamani, tumesema habari za basi. Bado hatujasema habari za mtu. Mama aliyengoja dakika 50 akasafiri dakika 40 ametumia saa moja na nusu, na hakuna hesabu ya mwendo itakayomrudishia zile 50.

Niruhusu niweke mfano wa ubaoni, wa hesabu ya darasa la sita. Chukua basi refu lenye kubeba watu 150. Likija kila baada ya dakika mbili, kwa saa moja yatapita mabasi 30, na watu 4,500 watakuwa wameondoka. Likija kila baada ya dakika sita, yatapita mabasi 10, na wataondoka watu 1,500. Njia ni ileile, vituo ni vilevile, na mwendo wa basi haukupungua hata kidogo. Lakini watu 3,000 wamebaki wamesimama, na saa inayofuata wengine wanaongezeka juu yao. Kwa hiyo, katika usafiri wa namna hii, jambo kuu kuliko mwendo wa basi ni pengo kati ya basi na basi. Barabara nzuri ya mabasi yasiyotosha ni kama bomba jipya lisilo na maji. Unaweza kulisifu ufundi, lakini ndoo inabaki tupu.

Na kwa nini mabasi hayakutosha? Yalianza yakiwa 140, kwa mji ambao ulikuwa ukiongezeka kila mwaka. Hata hayo 140 tuliyalaza wapi? Hapa kalamu nyekundu inanitetemeka mkononi. Tuliyalaza Jangwani. Kila mtu aliyekaa Dar es Salaam msimu mmoja wa masika anaijua Jangwani: ni bonde la mto Msimbazi, na mto ukijaa hauombi ruhusa. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu, na wakazi wa mabondeni, Jangwani ikiwa mojawapo, wakahamishiwa Mabwepande. Tuliwaambia kwa sauti moja kwamba mahali hapa hapafai kulala binadamu. Kisha, katika miaka michache iliyofuata, tukajenga pale pale karakana na maegesho ya mabasi. Mvua zikaja, na maji yakaingia katika yadi si mara moja. Mabasi yakaharibika, na siku ambazo maji yalipita juu ya barabara huduma ilikatika katikati, wa Kimara wakabaki ng'ambo moja na wa mjini ng'ambo nyingine.

Mwanafunzi akinifanyia kosa la kutojua, nilimsahihisha. Lakini kosa la kujua kisha kuandika vinginevyo lilikuwa likinihuzunisha zaidi, kwa sababu dawa yake si elimu. Mzee asiyekwenda shule, anayeuza makumbi pale Magomeni, angetuambia bure kwamba maji yana kumbukumbu. Hatukumuuliza.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike insha hii, nami nalisema kwa aibu.

Asubuhi moja nilikuwa nimesimama katika kituo ambacho sitakitaja. Watu walikuwa wengi. Mbele yangu alikuwa mama kijana, mtoto mgongoni kwa kanga, na mfuko wa plastiki mkononi. Aliponiona aligeuka akasema, "Shikamoo, babu." Nikamwitikia. Akasogea kidogo ili nipate mahali pa kuegemea kwenye nguzo. Tuliongea mawili matatu: anampeleka mtoto kliniki, ametoka nyumbani kabla ya adhana. Basi la kwanza likaja limejaa, likapita. La pili likasimama, wakaingia watano. La tatu lilipofungua milango, wimbi la watu likaja kutoka nyuma, nami, ndugu msomaji, sikuchukuliwa na wimbi. Ningependa kuandika hivyo, lakini sivyo ilivyokuwa. Nilitanguliza kiwiko. Nilikijua ninachokifanya. Niliona nafasi upande wa kushoto, nikajipenyeza, na mkono wangu ukamsogeza mtu. Nilipogeuka ndani ya basi milango ilikuwa inafungwa, na yule mama alikuwa nje, mkono mmoja nyuma ameshika miguu ya mtoto. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anavyotazama kitu alichokitarajia.

Nami sikuwa na la haraka. Nilikuwa nakwenda Posta kumwamkia rafiki yangu mstaafu mwenzangu, ambaye hana saa wala ahadi, na ambaye angenipokea hata alasiri.

Kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa kuhubiri foleni. Nilisimama mbele ya wanachuo nikawaambia kwamba mwalimu ambaye hawezi kupanga mstari hawezi kupanga somo. Niliwaadhibu waliochomekea. Nilipokuwa nikisikia watu wakilalamika juu ya purukushani za vituoni, jibu langu lilikuwa fupi: watu wetu hawana ustaarabu. Jibu hilo wengi wanalo hadi leo, hasa wale ambao wana magari yao. Asubuhi ile nililichukua jibu langu mwenyewe nikalijaribu juu yangu. Je, mimi sina ustaarabu? Nimeulea miaka sabini na ushee. Umekwenda wapi kwa dakika moja ile?

Nikakumbuka bwalo la chuo chetu. Siku za kawaida wanachuo walikuwa wakipanga mstari mzuri wa chakula, wanazungumza, wanapisha wagonjwa, na hakuna mwalimu aliyehitajika kusimama pale. Lakini katika miaka ile ya dhiki zilikuwapo siku ambazo neno lilipita kwamba maharage hayatoshi. Hakuna aliyejua kama ni kweli. Dakika tano tu baadaye mstari ulikuwa umevunjika, na waliokuwa wakisukumana ni vijana walewale, wenye malezi yaleyale, chini ya mkuu yuleyule. Wakati ule niliwagombeza kwa utovu wa nidhamu. Leo ningeanza jikoni.

Foleni ni mkataba. Anayesimama nyuma ya mwenzake anakubali kungoja kwa sababu anaamini kwamba zamu yake ipo. Mwondolee imani hiyo, na umemwondolea sababu ya kusimama. Mtu anayejua kwamba basi jingine linakuja baada ya dakika mbili atampisha mama mwenye mtoto, tena kwa furaha, kwani kumpisha kunamgharimu dakika mbili tu. Mtu asiyejua basi jingine litakuja baada ya dakika kumi au sitini, kumpisha kunaweza kumgharimu kibarua chake. Tunamdai wema wa bei kubwa kila siku asubuhi, kisha tunashangaa anapoishiwa. Daladala, pamoja na maovu yake yote, haikumdai abiria imani kubwa kiasi hicho, maana nyingine ilikuwa ikionekana kwa macho.

Kwa hiyo nasema kwamba hasara kubwa ya kungoja si muda peke yake. Kungoja kusikojulikana mwisho hula adabu za watu. Mfumo ambao kwa sakafu yake iliyonyooka ulimwingiza kijana wa kiti cha magurudumu kwa heshima, mfumo huohuo kwa pengo la mabasi yake ulinifundisha mimi, mwalimu wa walimu, kutumia kiwiko. Somo la pili nililijifunza haraka kuliko la kwanza.

Wapo watakaosema namlaumu mtoto kwa kuwa hajakua. Watasema mfumo ni mchanga, awamu nyingine zinakuja, tuwe na subira. Nakubali kwamba subira huvuta heri. Lakini tuangalie kama tunajifunza. Njia ya awamu ya pili, ya Barabara ya Kilwa kwenda Mbagala, ilijengwa ikasimama bila mabasi yake, hadi mabasi yalipoanza kuwasili mwaka 2025. Watu wa Mbagala walipita kando ya njia tupu na vituo vyenye paa jipya, wakiwa wamebanana ndani ya daladala. Tulianza tena na bomba, maji yakafuata nyuma.

Kisha ikaja tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu. Vurugu zilipotokea jijini, vituo vya mwendokasi vilikuwa miongoni mwa vitu vilivyovunjwa na kuchomwa moto, na huduma ikasimama. Siku zile watu walipoteza maisha, na mbele ya roho ya mtu kituo cha basi si kitu. Sitaki kuonekana nimelia kwa ajili ya vioo nikasahau watu. Wala sidai kwamba yaliyotokea yalitokana na foleni za asubuhi. Mambo yale yana mizizi yake, na wenye elimu ya mambo hayo watayaeleza. Nasema tu lile lililonigusa kama mzee wa Kimara. Asubuhi moja baada ya hapo nilimwona mtoto wa shule amesimama kando ya barabara akitafuta gari la kumpokea, kama watoto wa miaka ya 1980. Nikajua kwamba kitu tulichokuwa tukikilalamikia kilikuwa chetu. Mtu halalamiki hivyo juu ya kitu kisichokuwa chake.

Basi nitoe hukumu yangu, kwa kuwa uhakiki usio na hukumu ni porojo. Fani yake ni nzuri, na yeyote atakayetuambia kwamba tuurudishe mji wote kwa daladala hakumwona yule kijana wa kiti cha magurudumu. Maudhui yake yametimia nusu. Basi huenda haraka, abiria bado.

Pambizoni ningeandika mambo matatu. Kwanza, kila kituo kiwe na ubao unaoeleza basi linalofuata linakuja baada ya dakika ngapi, na ubao huo usiseme uongo. Mtu akiambiwa ukweli kwamba ni dakika kumi na tano atapanga moyo wake. Pili, wanaoendesha huduma wapimwe kwa pengo kati ya basi na basi, na kwa muda aliongoja mtu wa mwisho katika mstari, wala si kwa mwendo wa basi wala kwa idadi ya tiketi zilizouzwa. Tatu, mahali pa kulaza mabasi pachaguliwe kwa kuwauliza wazee wa mahali hapo maji huwa yanafika wapi.

Vituo vilivyoharibiwa havina budi kujengwa upya, na huenda utakaposoma ukurasa huu kazi hiyo itakuwa imekwisha. Kujenga upya ni nafasi ambayo waandishi wachache huipata. Chuoni nilikuwa na desturi ambayo wanachuo wapya hawakuielewa. Kazi mbaya kabisa niliitia alama yake ndogo nikairudisha, mambo yakaisha. Lakini kazi iliyokuwa na akili ndani yake, ambayo mwandishi wake alichoka au alikimbilia kumaliza, sikuitia alama. Niliandika neno moja juu, kwa wino mwekundu, nikampa mwenyewe mkononi. Wengine walilia wakidhani nimewaonea. Waliokaa miaka miwili walijua kwamba neno lile sikumwandikia kila mtu.

Neno lenyewe lilikuwa "Rudia."